Lugha ya Swali na Alama ya Akili: Kuhusu Upimaji wa Watu Wenye Usonji

Makala hii inakusudia kuchunguza swali ambalo kwa desturi huachiwa wanasaikolojia na matabibu, ilhali sehemu yake kubwa ni swali la isimu. Mtu mwenye usonji akipewa jaribio la akili, au akijipima mwenyewe kwa hojaji, alama anayoipata inapima nini hasa? Swali hili si la nadharia tupu. Kwa alama hiyo mtoto hupewa au hunyimwa nafasi darasani. Kwa alama hiyo mtu mzima hujiita jina litakalobadili namna anavyojielewa na namna anavyoeleweka na jamaa zake. Rai inayotetewa hapa ni kwamba kila alama ya aina hiyo ni zao la mazungumzo baina ya anayeuliza na anayejibu. Kwa hiyo, pale ambapo mazungumzo yenyewe ndiyo yenye shida, alama haiwezi kusomwa kana kwamba mazungumzo hayakuwapo.

Istilahi na chanzo chake

Usonji ni jina lililoenea Tanzania na Kenya. Wasomi wa Kongo wameizoea hali hiyo kwa jina lake la Kifaransa, na wanapoliandika kwa Kiswahili huliandika otisimu. Jina hilo la kigeni, lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi, lilitumiwa na tabibu Mswisi Eugen Bleuler katika kitabu chake cha 1911, naye alikuwa akieleza jambo jingine, yaani kujitenga kwa wagonjwa wa skizofrenia. Maana ya leo ilianza mwaka 1943, Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoeleza habari za watoto 11. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna alitoa maelezo yanayokaribiana na hayo. Usonji ni namna ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza tangu utotoni katika mahusiano na mawasiliano, na katika kushikilia sana mambo yale yale kwa utaratibu ule ule. Baadhi ya wenye usonji wana pia upungufu wa akili. Wengine wengi hawana. Mambo hayo mawili ni mbalimbali, ingawa mara nyingi watu huyachanganya, na sehemu ya lawama ni ya vipimo vyenyewe.

Mwanaisimu anayesoma maelezo ya Kanner hukuta ndani yake mambo yanayomhusu. Kanner aliona kwamba baadhi ya watoto wake walibadilisha nafsi: mtoto alijitaja kwa kiwakilishi alichokisikia akiitwa nacho. Aliona tena kwamba mtoto aliweza kukubali jambo kwa kulirudia swali jinsi lilivyoulizwa. Tuchukue hali hiyo katika Kiswahili. Mama anauliza, "Unataka maji?" Mtoto anajibu, "Unataka maji." Kwa kuwa katika Kiswahili nafsi haisimami peke yake kama neno bali imeshikamana na kitenzi, na kwa kuwa swali na taarifa hutofautiana kwa kiimbo tu, jibu hilo laweza kuchukuliwa kuwa mwangwi usio na maana. Mama anayemjua mtoto wake huleta maji. Mpimaji asiyemjua huandika sifuri.

Kutoka Binet hadi Raven

Inafaa kukumbuka jinsi nambari ya akili ilivyozaliwa. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuchunguza elimu ya watoto waliokuwa wakishindwa kufuata masomo ya kawaida. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo cha kazi 30, zilizopangwa kuanzia nyepesi hadi ngumu. Kusudi lao lilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji msaada. Binet mwenyewe hakuamini kwamba akili ya mtu ni kitu kimoja kisichobadilika ambacho kingeweza kupimwa kama urefu wa ubao. Lakini mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza kugawanya umri wa akili kwa umri wa miaka, na tangu hapo nambari moja ilianza safari yake yenyewe, mbali na tahadhari za mwanzilishi.

David Wechsler, aliyetoa kipimo chake cha kwanza Marekani mwaka 1939, aliuacha mgawanyo huo wa umri. Katika vipimo vinavyobeba jina lake, mtu hulinganishwa na watu wa rika lake: wastani umewekwa kuwa 100, na kila alama 15 juu au chini ya hapo ni hatua moja ya kuachana na wastani. Vipimo hivyo vina sehemu nyingi ndogo. Baadhi hutaka mikono na macho, kwa mfano kupanga vibao vya rangi vifuate mchoro. Nyingine hutaka maneno: kueleza maana ya neno, kusema vitu viwili vinafanana kwa nini, au kujibu mtu afanye nini akijikuta katika hali fulani mbele za watu, na kwa nini desturi fulani hufuatwa. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Kumwuliza mtoto mwenye usonji maswali kuhusu desturi za watu, kwa mdomo, ana kwa ana na mgeni, kisha kuliita jibu lake kipimo cha akili yake kwa jumla, ni sawa na kumpima mbio mtu mwenye kidonda mguuni. Mbio zimepimwa kweli. Lakini afya ya moyo na mapafu yake bado haijulikani.

Jaribio la Mwingereza John Raven, lililotolewa mwaka 1938, ni la namna nyingine. Mtu huoneshwa mchoro wenye pengo, na chini yake vipande kadhaa. Kazi yake ni kutambua kanuni inayotawala mchoro na kuchagua kipande kinachojaza pengo. Toleo la kawaida lina michoro 60, katika mafungu 5 ya michoro 12. Kwa muda mrefu wataalamu wamelihesabu kuwa miongoni mwa vipimo bora vya kufikiri kwa kanuni, si kwa maarifa yaliyokaririwa.

Mwaka 2007 watafiti wa Montreal, Kanada, Michelle Dawson, Isabelle Soulières na Laurent Mottron, pamoja na Morton Ann Gernsbacher, walichapisha ulinganisho wa vipimo hivyo viwili. Yafaa kutaja kwamba Dawson mwenyewe ni mtu mwenye usonji. Watoto 38 wenye usonji walipimwa kwa Wechsler na kwa Raven. Kwa Wechsler, kwa wastani mtoto aliwazidi takriban watoto 26 tu kati ya 100 wa rika lake. Kwa Raven, watoto wale wale waliwazidi takriban 56. Tofauti ni ngazi 30, na kwa baadhi yao ilizidi ngazi 70. Kwa Wechsler hakuna hata mmoja aliyefikia daraja la juu la akili. Kwa Raven, takriban thuluthi moja walifika ngazi ya 90 au kuipita. Watoto wasio na usonji waliopimwa kwa kulinganishwa hawakuonesha tofauti ya namna hiyo: kwao vipimo viwili vilikubaliana. Ndani ya Wechsler yenyewe, wenye usonji walipata alama za juu zaidi katika vibao vya rangi, na za chini zaidi katika yale maswali ya desturi.

Matokeo hayo yalipokelewa kwa shangwe na wengi, na kwa sababu hiyo inabidi kuyatazama pamoja na yaliyofuata. Mwaka 2009 Sven Bölte na wenzake waliwapima watu 48 wenye usonji. Wao pia waliona Raven ikitoa alama za juu kuliko Wechsler, lakini kwa kiasi kidogo zaidi, na kwa wale tu ambao alama zao za Wechsler zilikuwa chini ya 85. Walipendekeza kwamba kwa wenye alama za juu Wechsler ibaki kuwa kipimo cha kwanza, na Raven iongezwe kwa wale walio chini. Ukiitazama vizuri, hiyo si kanusho la kazi ya Montreal. Wanaopunjwa na kipimo cha maneno ni hasa wale ambao maneno yao ni machache, nao ndio ambao hatima yao shuleni hutegemea zaidi karatasi ya mpimaji.

Jambo hilo lilionekana wazi zaidi mwaka 2015, Valérie Courchesne na wenzake, huko huko Montreal, walipowapima watoto 30 wenye usonji, wa miaka 6 hadi 12, ambao hawakuwa wakisema au walisema maneno machache tu. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumaliza kipimo cha Wechsler. Watoto 6 tu walimaliza angalau sehemu yake moja. Kwa kawaida mtoto wa namna hiyo huandikiwa "hapimiki", na kutoka hapo hadi "hana akili" ni hatua fupi. Lakini walipopewa jaribio la Raven la rangi, katika umbo la vipande vinavyoshikwa kwa mkono na kutiwa katika pengo, watoto 26 walilimaliza, na 17 kati yao walikuwa baina ya ngazi ya 5 na ya 90 ya rika lao.

Jaribio lisilo na maneno?

Wasomaji wa Kongo, hata hivyo, wana sababu yao wenyewe ya kutolishangilia jaribio la Raven kwa haraka. Jaribio hilo lilifika kwao mapema, tena si kwa ajili ya usonji. Katika miaka ya 1950, André Ombredane, profesa wa Chuo Kikuu Huru cha Bruxelles, alilitumia katika Kongo ya Wabelgiji, pamoja na uchunguzi wake miongoni mwa Asalampasu wa Kasai. Mwaka 1956 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kulirudia jaribio la rangi kwa watu wale wale, na mwaka 1959 J.-L. Laroche aliandika kuhusu marudio ya jaribio hilo kwa watoto wa Katanga. Ombredane aliona kwamba alama zilipanda kadiri jaribio lilivyorudiwa. Kwa maneno mengine, mara ya kwanza mtu alikuwa bado anajifunza anatakiwa kufanya nini: karatasi hii ni kitu gani, pengo hili ni la nini, na kwa nini mgeni huyu anauliza jambo ambalo jibu lake analijua tayari. Alama ya siku ya kwanza ilikuwa alama ya kufahamiana.

Funzo hilo lafaa kuhamishiwa kwa mtu mwenye usonji bila kubadilishwa sana. Jaribio lisilo na maneno katika kujibu bado lina maneno katika kuelekeza, na hata pasipo maneno lina mapatano ya kimya baina ya watu wawili: kwamba kipo kipande kimoja tu kilicho sahihi, na kwamba mpimaji akisubiri anataka jibu. Mapatano ya kimya ndiyo hasa yanayomtatiza mtu mwenye usonji. Akichagua kipande kwa kuwa rangi yake inampendeza, hajashindwa kufikiri. Amejibu swali jingine.

Pana pia suala la lugha ya maelekezo. Mtoto wa Lubumbashi akielekezwa kwa Kifaransa cha kitabuni hupimwa Kifaransa chake. Akielekezwa kwa Kiswahili sanifu hali haiwi njema sana kuliko hiyo, maana maneno "kipande kinachokosekana" yana muundo wa kishazi rejeshi ambao katika Kiswahili cha mjini hujengwa kwa "yenye" na "benye". Kwa mtoto mwingine tofauti hiyo ni ndogo. Husikia, hukisia, huendelea. Mtoto mwenye usonji aliyezoea jambo lisemwe kwa namna moja huenda asikisie kamwe. Ni ajabu kwamba vitabu vya upimaji hueleza kwa urefu namna ya kuhesabu alama, na kwa ufupi sana namna ya kumwambia mtu anatakiwa kufanya nini.

Kujipima kwa hojaji

Hadi hapa mpimaji na mpimwaji walikuwa watu wawili. Katika hojaji za kujipima mtu hubaki peke yake na karatasi, na wengi wangedhani kwamba hapo mazungumzo yamekwisha. Hayakwisha, yamehamia ndani ya maandishi.

Hojaji inayojulikana kuliko zote ni ile iliyotolewa Cambridge, Uingereza, mwaka 2001 na Simon Baron-Cohen na wenzake, inayotajwa kwa herufi AQ. Ina kauli 50, katika nyanja 5: mahusiano na watu, kuhamisha mawazo, kuangalia mambo madogo madogo, mawasiliano, na kubuni. Anayejibu huchagua moja kati ya majibu 4, kuanzia kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Katika uchunguzi wa kwanza, takriban asilimia 80 ya watu wazima wenye usonji walipata alama 32 au zaidi, ilhali katika kundi la kulinganisha ni asilimia 2 tu waliofika hapo. Watungaji walisema waziwazi kwamba hojaji yao si ya kutambua usonji, bali ya kuonesha nani anafaa kuchunguzwa zaidi. Onyo hilo husomwa na wachache.

Hesabu ndogo yaonesha kwa nini onyo hilo ni la lazima. Tuchukue watu wazima 1,000 wasiochaguliwa, na tukubali kwamba mmoja katika 100 ana usonji. Wenye usonji ni 10, na 8 kati yao watafika 32. Wasio na usonji ni 990, na asilimia 2 yao, yaani takriban 20, watafika pia. Waliofika ni 28, nao wenye usonji kweli ni 8. Hojaji haikukosea popote, na bado wengi wa wale iliowatenga si wenye usonji. Kwa upande mwingine, miongoni mwa watu waliokwisha kutumwa kwa wataalamu, kosa hugeuka upande wake. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, wa watu wazima 476 waliotumwa kuchunguzwa, ulionesha kwamba kati ya wale waliopata alama pungufu ya kikomo, asilimia 64 walikutwa na usonji. Uchunguzi huo uliona pia kwamba wasiwasi wa kudumu waweza kupandisha alama za mtu asiye na usonji.

Wanatakwimu wataeleza sehemu ya makosa hayo; sehemu nyingine imo katika maneno. Kauli nyingi za hojaji kama hizi hutumia vielezi kama "mara nyingi" na "kwa kawaida". Mtu anayeyachukua maneno jinsi yalivyo, na hiyo ni sifa moja ya usonji, atajiuliza: mara nyingi kuliko nani? Anaweza kukaa robo saa akipima kati ya kukubali kabisa na kukubali kidogo, asijue kwamba katika kuhesabu alama za AQ majibu hayo mawili hupewa thamani moja. Kauli nyingine humtaka aseme watu humwambia nini kuhusu adabu yake. Katika jamii ambamo mtu mzima haambiwi kosa lake usoni, hata asiyejua kabisa kusoma nyuso za wenzake atajibu kwa uaminifu kwamba hajaambiwa kitu.

Kutafsiri ni kazi nzito zaidi kuliko inavyodhaniwa. Kauli moja huweka maktaba upande mmoja na karamu upande mwingine, ili kumtambua anayeipenda kazi ya upweke. Pale ambapo maktaba ni chache, na ambapo kutohudhuria arusi au matanga ni kosa dhidi ya ukoo mzima, jibu halioneshi tena tabia ya mtu bali utii wake. Kauli kuhusu gumzo nayo ina mtego wake. Salamu za Kiswahili ni ndefu, lakini zina utaratibu: habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na kila moja ina jibu lake lililokwisha kupangwa. Mtu mwenye usonji aweza kujifunza mfululizo huo akaupenda kwa sababu ya utaratibu wake, akasifiwa kwa heshima yake, kisha akanyamaza pale salamu zinapokwisha na gumzo lisilo na utaratibu linapoanza. Mtafsiri akiandika kauli moja kwa mambo hayo mawili, amevunja kipimo.

Tatizo gumu kuliko yote huenda ni ukanushi. Takriban nusu ya kauli za AQ zimeandikwa ili jibu la usonji liwe kukubali, na nusu ili liwe kukataa, kwa kusudi la kumzuia mtu asikubali tu kila kitu. Baadhi ya kauli zenyewe zina ukanushi ndani yake. Sasa mwulize Mswahili, "Hupendi karamu?" Akijibu "Ndiyo", amethibitisha kauli: ni kweli, hapendi. Mfaransa anayezipenda atajibu kwa neno lake la pekee, "si", na asiyezipenda atasema "non". Msomi wa Kongo aliyesomeshwa kwa Kifaransa na kulelewa kwa Kiswahili ana kanuni zote mbili kichwani. Akikutana na kauli "sipendi mikusanyiko" na majibu "nakubali" na "sikubali", mara nyingine atajibu kwa kanuni moja, mara nyingine kwa nyingine. Kauli chache za namna hiyo zatosha kumpitisha mtu juu ya kikomo au kumrudisha chini yake.

Hojaji ikitafsiriwa, basi, haitoshi kuirudisha katika lugha ya asili na kuona kama maneno yanalingana. Inabidi kukaa na watu kadhaa, wenye usonji na wasio nao, kila mmoja aeleze kwa maneno yake ameulizwa nini. Kikomo cha 32 nacho hakina nguvu yoyote katika Kiswahili mpaka kitafutwe upya miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili, tena si wa Zanzibar kwa niaba ya wa Kisangani. Kuhusu majaribio ya akili, karatasi ya mpimaji ingepaswa kuandika zaidi ya nambari: maelekezo yalitolewa kwa lugha gani na kwa maneno gani, jaribio lilikuwa la mara ya ngapi, mtoto alijibu kwa mdomo, kwa kidole, au kwa kuelekeza macho, na, pale alipoandikiwa sifuri, alisema nini. Mzazi anayepewa karatasi hiyo ataweza kusoma kwamba mwanawe aliulizwa, "Unaona nyota?", akajibu, "Unaona nyota", naye ataweza kumwambia mpimaji maana yake.